Kwa Nini Mwanga wa Leza Hupotea Mchana

Mafundi wa ujenzi siku hizi hutumia kifaa cha leza kupima usawa wa msingi wa nyumba au ukingo wa silanga. Ndani ya chumba, mstari wake mwekundu huonekana wazi ukutani. Ukitoka nje saa sita mchana katika mji wa Banissa, mstari huohuo hauonekani kabisa. Kifaa hakijaharibika, mwanga wa jua ndio umeufunika.

Nguvu ya jua

Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa luksi. Uwanja ulio wazi wakati wa adhuhuri hupata takriban luksi 100,000. Projekta ya lumeni 3,000 ikionyesha picha kwenye pazia lenye ukubwa wa mita mraba 3, pazia hilo hupata luksi 1,000 tu, yaani sehemu moja kwa mia ya mwanga wa jua. Ndiyo maana ramani ya mradi ikionyeshwa uwanjani mchana, wananchi huona pazia jeupe.

Leza ina nafuu kidogo kwa sababu nguvu yake yote hukusanyika kwenye nukta ndogo. Lakini nukta hiyo ikitandazwa kuwa mstari wa mita tano, nguvu ileile hugawanyika na mstari hufifia. Leza ya kijani huonekana vizuri kuliko nyekundu yenye nguvu sawa, kwa kuwa jicho la binadamu huhisi kijani zaidi. Hilo husaidia kivulini, si kwenye jua kali.

Usitafute leza kali zaidi

Leza ya daraja la 2 haizidi miliwati 1, na kwa kawaida jicho hufumba lenyewe kabla ya kudhurika. Leza zinazozidi miliwati 5 zinaweza kujeruhi jicho kabla halijafumba. Jeraha huenda lisiume, na uwezo wa kuona uliopotea huenda usirudi. Soma kibandiko kabla ya kununua. Usimpe mtoto leza kuwa kitu cha kuchezea, wala usimmulike mtu au dereva. Miwani myekundu inayouzwa pamoja na vifaa hivi humsaidia fundi kuona mstari, haikingi macho.

Cha kufanya

Kwa fundi: tumia kipokezi kinachofungwa kwenye fimbo ya kupimia. Hutambua mwanga wa leza hata jicho lisipouona, kisha hulia usawa unapopatikana. Hakikisha kinaendana na kifaa chako. Bila kipokezi, pima alfajiri au jioni.

Kwa waandalizi wa mikutano: onyesheni picha ndani ya ukumbi uliofunikwa madirisha, au baada ya jua kutua. Hema jeupe halitoshi, kwani hupitisha mwanga mwingi. Mkutano ukiwa wa mchana, chapisheni ramani kubwa za karatasi. Kadiri jua linavyowaka ndivyo zinavyosomeka.

Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha wananchi kushiriki katika shughuli zake. Mkaazi wa Malkamari au Guba aliyesafiri kuja kutoa maoni kuhusu silanga hawezi kusema kama limewekwa mahali pabaya ikiwa hakuiona ramani. Mkiwa mkutanoni na picha haionekani, iteni mratibu mapema, kabla maoni hayajaanza kuchukuliwa.