Umeme Umekatika, Kisima Hakijakauka

Umeme ukikatika Matombo, mkoani Morogoro, mota hunyamaza na maji ya simtanki huanza kuhesabiwa kwa ndoo. Siku ya pili watoto wanateremka mtoni na madumu, ilhali kisima kimejaa uani. Tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu ya Gridi ya Taifa ilipozima sehemu kubwa ya nchi, ilikuwa masika: visima vimejaa, mota zimenyamaza.

Pampu ya mkono si ngeni Morogoro. Mwaka 1978 ulianza mkoani hapa mradi wa visima vifupi kwa msaada wa Uholanzi, baada ya ule wa Shinyanga wa 1974. Tunakuomba wewe mwenye kisima cha nyumbani urudishe pampu hiyo ikae jirani na mota, kila moja na bomba lake.

Kabla ya kununua, pima. Funga jiwe safi kwenye kamba, lishushe taratibu mpaka usikie limegusa maji, piga fundo pale kamba inapokutana na mdomo wa kisima, kisha ivute uipime. Fanya hivyo mwisho wa kiangazi, Septemba au Oktoba, kabla ya vuli. Usitegemee kipimo cha jirani. Kwenye miteremko ya Uluguru, hatua chache tu zinaweza kubadilisha kina.

Maji yakiwa ndani ya mita 7, pampu ya kunyonya inatosha. Zaidi ya hapo hayatapanda hata ukipiga mpini mpaka mabega yaume. Pampu hiyo huondoa hewa bombani, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji juu; nguvu yake ina kikomo. Kina kikubwa kinataka pampu ambayo pistoni yake huzama majini, kama Afridev. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, mwoneshe kamba yako.

Pampu ya kunyonya iliyolala muda mrefu humwagiwa kwanza maji ya kuanzia. Usichote ya mtoni, utachafua kisima kwa mkono wako mwenyewe. Tenga dumu moja la maji yaliyochemshwa, lenye kifuniko. Funika kisima, jenga sakafu ya zege na mfereji wa kutoa maji yanayomwagika. Choo kiwe mbali angalau mita 30, na kamwe kisiwe upande wa juu wa mteremko. Maji ya kunywa bado yachemshwe.

Kisima kirefu kipya kinahitaji kibali. Anzia Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro mjini.

Fundi akigusa mota wakati umeme haupo, zima kwanza swichi kuu. Umeme hurudi bila kubisha hodi.

Na umeme ukiwepo, piga mpini mara ishirini kila Jumamosi, maana washa ya ngozi ya pampu ya kunyonya isipolowa hukauka ikapasuka. Weka washa mbili za akiba na spana inayoingia kwenye nati za pampu ndani ya kopo moja, mahali unapoweza kupapasa gizani ukapapata.