Iafoni za Waya na Umbo la Sikio: Kuchagua Zinazokaa Vyema na Kutoa Sauti Inayopendeza

Vipokea sauti vya masikioni, ambavyo wengi wamezoea kuviita iafoni, huuzwa kila mahali panapouzwa simu: dukani, kibandani, hata mkononi mwa mmachinga kwenye foleni ya magari. Mnunuzi hutazama bei, hutazama rangi, husoma maandishi ya kwenye boksi yanayoahidi besi nzito, kisha hulipa. Kinachosahaulika katika biashara hiyo ni sikio lenyewe. Iafoni ileile ambayo mtu mmoja huisifu kwa besi iliyoshiba, mwingine huiona imepwaya na yenye kelele, na wote wawili husema kweli, kwa kuwa sauti inayofika kwenye ngoma ya sikio haitengenezwi na kispika peke yake. Hutengenezwa na kispika, kimpira cha ncha na mfereji wa sikio kwa pamoja. Makala haya yanaeleza kwa nini ukaaji wa iafoni sikioni ni jambo la kutangulizwa, na kwa nini mtu aliyechagua vibaya huweza kulilipia kosa hilo kwa uwezo wake wa kusikia.

Iafoni zisizo na waya zimeenea, lakini za waya hazijaondoka na hazielekei kuondoka karibuni. Hazihitaji chaji, bei yake huwa nafuu, sauti yake haichelewi nyuma ya picha, na ni vigumu kupoteza upande mmoja ukabaki na mwingine. Mwanafunzi anayesikiliza mihadhara iliyorekodiwa, karani wa huduma kwa wateja na mhariri wa redio huweza kuzivaa saa nyingi kwa siku. Watu wa namna hiyo ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kuchagua kwa makini.

Mfereji wenye kona

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5 na upana usiofika sentimita moja. Haukunyooka. Hupinda kidogo mfano wa herufi S, na ndiyo maana daktari anapotaka kuiona ngoma ya sikio la mtu mzima hulivuta sikio juu na nyuma. Theluthi ya nje ya mfereji imejengwa kwa gegedu, nayo ina ngozi yenye vinyweleo na tezi zinazotengeneza nta. Theluthi mbili za ndani hupita katika mfupa, na ngozi yake ni nyembamba mno, haina mto wa mafuta chini yake. Iafoni ya kawaida hukusudiwa kuishia katika sehemu ya gegedu, ambayo hukubali kubanwa kidogo. Inayosukumwa hadi kwenye mfupa huuma. Kwa baadhi ya watu huamsha hata kikohozi, kwa kuwa tawi la neva ya vagasi, ileile inayohudumia koo na mapafu, hufika kwenye ngozi ya mfereji. Anayekohoa kila avaapo iafoni si lazima awe na mafua.

Masikio mawili ya mtu mmoja hayalazimiki kufanana. Si ajabu sikio la kulia likataka kimpira cha kati na la kushoto likataka kidogo, na hakuna sababu ya kulazimisha ulinganifu. Tena, mfereji hautulii. Kiungo cha taya kiko mbele yake tu, na mtu anapofungua kinywa, umbo la mfereji hubadilika. Iafoni iliyokaa imara mvaaji akiwa kimya huweza kulegea akianza kuzungumza au kutafuna. Kwa hiyo kuijaribu iafoni dukani kwa kunyamaza kimya ni nusu ya jaribio.

Besi inayovuja

Mtu aliyewahi kujaza upepo kwa pampu ya baiskeli iliyochakaa ngozi yake ya ndani anaijua tayari fizikia ya jambo hili. Akisukuma taratibu, hewa yote hupita pembeni na gurudumu halipati kitu. Akisukuma kwa kasi, mgandamizo fulani hubaki, kwa sababu hewa haipati muda wa kukimbia. Kispika cha iafoni ni pampu ndogo. Sauti nyembamba husukuma hewa maelfu ya mara kwa sekunde, na mwanya mdogo kati ya kimpira na ngozi hauzipunguzii mengi. Besi husukuma makumi ya mara tu kwa sekunde, hivyo mwanya uleule huivujisha karibu yote. Iafoni isiyoziba mfereji sawasawa, hata ikiwa imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, hutoa sauti kavu yenye ncha kali, iliyokosa kifua.

Mvaaji hufanya nini? Huongeza sauti. Hapo ndipo suala la starehe linapogeuka kuwa suala la tiba. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha kwamba sikio la binadamu huisikia besi kwa udhaifu zaidi pale sauti inapokuwa ndogo, na kwamba kadiri sauti inavyopandishwa, besi hujitokeza na kukaribia kulingana na sauti nyingine. Mtu anayekosa besi hugundua jambo hilo kwa kidole chake bila kusoma utafiti wowote. Lakini kitufe cha sauti hakichagui. Kinapopandisha besi inayovuja, hupandisha kwa kiasi kilekile sauti za kati na nyembamba, ambazo hazikuwa zikivuja tangu mwanzo.

Ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojisokota kama konokono, mna takriban seli 15,000 zenye vijinyweleo vinavyobadili mtikisiko kuwa ishara za neva. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Madhara ya sauti kubwa kwa kawaida hayaanzi kwenye besi, hata kama besi ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Huanzia kwenye seli zinazopokea mitetemo ya kati ya 3,000 na 6,000 kwa sekunde, hasa karibu na 4,000, na mojawapo ya sababu ni kwamba mfereji wa sikio wenyewe hukuza sauti za eneo la 3,000 kabla hazijafika kwenye ngoma. Katika eneo hilo na juu yake ndipo zilipo konsonanti kama s, sh, f na th. Irabu huendelea kusikika vizuri, kwa hiyo aliyeathirika haoni kuwa amepungukiwa na kitu. Huona tu kwamba watu siku hizi wanamung'unya maneno. Fundi anayetajiwa thamani husikia samani, na mahali penye makelele humwomba mteja arudie. Malalamiko yanayojulikana sana katika kliniki za masikio ni haya: nasikia, ila sielewi.

Kuziba vyema kuna faida ya pili. Kimpira kinachokaa sawasawa huzuia kelele za nje, na anayesafiri kwa daladala hana haja ya kushindana na injini na wapiga debe. Faida hiyohiyo huwa hatari barabarani. Mwendesha bodaboda, au mtembea kwa miguu anayevuka barabara, hafai kuyaziba masikio yake kwa ajili ya muziki, na hakuna aina ya iafoni inayoondoa katazo hilo.

Kujaribu ukaaji

Aina kuu ni mbili. Ipo inayokaa kwenye kibakuli cha sikio, nje ya tundu, bila kuingia ndani. Huleta hewa, haichoshi upesi, nayo huwafaa wasiostahimili kuzibwa. Lakini huvujisha besi kwa maumbile yake, na mahali penye kelele humshawishi mvaaji apandishe sauti. Ifaa chumbani, siyo kwenye basi. Aina ya pili huingia mlangoni mwa mfereji kwa kimpira cha silikoni au cha sponji. Hii ndiyo inayostahili muda wa kujaribiwa, kwa sababu ndani ya boksi huwamo vimpira vya ukubwa mbalimbali, na watu wengi huvaa vile vilivyokuja vimefungwa, wala vingine havitoki kamwe kwenye mfuko wake.

Ili kuivaa, mkono wa upande wa pili hupitishwa nyuma ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma, iafoni huingizwa kwa kuizungusha kidogo, kisha sikio huachiwa. Kimpira cha sponji hufinywa kwanza kikawa chembamba, kikaingizwa, kikashikiliwa kwa nusu dakika hivi hadi kitanuke. Dalili za kuziba vyema hujitokeza mara moja: kelele za nje hushuka, na mvaaji akizungumza husikia sauti yake mwenyewe imekuwa nzito, kana kwamba anaongea ndani ya mtungi. Hali hiyo hutokana na mitikisiko ya sauti yake, inayopita kwenye mifupa na gegedu, kunaswa ndani ya mfereji uliozibwa. Wengine huzoea, wengine hawazoei. Asiyezoea ana haki ya kurudi kwenye aina ya kwanza.

Baada ya hapo muziki wenye besi upigwe kwa sauti ndogo, na iafoni isukumwe kwa kidole kwa upole. Besi ikiongezeka ghafla, kimpira ni kidogo au kimekaa upande. Isipobadilika, ukubwa umepatikana. Kosa la kinyume ni kuchagua kikubwa mno: husikika vizuri, lakini baada ya robo saa sikio huanza kufukuta na kuuma. Mvaaji azungumze, atafune, ageuze shingo. Waya upitishwe juu ya sikio na kushukia nyuma yake ikiwa umbo la iafoni linaruhusu, kwa sababu waya unaoning'inia huivuta iafoni nje na kupeleka ndani kishindo cha kila msuguano wa nguo. Maumivu ya mara kwa mara mahali palepale hayatibiwi kwa uvumilivu. Umbo hilo si la sikio hilo.

Sauti anayoipenda mtu

Kuhusu ladha, mtaalamu hana mamlaka ya kumwamuru mtu. Utafiti uliofanywa katika kampuni ya Harman chini ya Sean Olive umeonyesha kwamba wasikilizaji wengi hukubaliana kwa kiasi kikubwa juu ya mizani ya sauti inayopendeza, yenye besi iliyoinuliwa kidogo, huku wachache wakitaka besi zaidi na wengine pungufu. Hakuna aliyekosea. La muhimu ni kulinganisha kwa haki. Kati ya iafoni mbili, inayopiga kwa nguvu zaidi karibu kila mara huonekana bora, kwa hiyo sauti zake zilinganishwe kwanza ndipo uamuzi utolewe. Itumike rekodi ambayo mnunuzi anaijua kwa moyo. Taarabu ni kipimo kizuri kuliko nyimbo nyingi za kisasa: besi na dumbaki huonyesha uzito, fidla na sauti ya mwimbaji huonyesha maeneo ya kati, na nyuzi za kanuni hufichua mara moja iafoni inayochoma. Inayochoma kwa dakika mbili dukani itachosha kwa saa mbili nyumbani. Anayependa besi nyingi na anunue iafoni iliyoundwa kwa besi na inayoziba barabara, asiitafute kwa kitufe cha sauti.

Kiasi na muda

Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba mtu mzima asivuke wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati ya sauti huwa maradufu na muda salama hukatika nusu: desibeli 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10, 89 kwa saa 5. Simu nyingi hazionyeshi desibeli, hivyo shirika hilo hushauri sauti isizidi asilimia 60 ya kiwango cha juu. Asilimia hiyo ni ya kukadiria, kwa maana iafoni zenye ukinzani mdogo na wepesi mkubwa wa kupokea umeme hupiga kwa nguvu zaidi katika kiwango kilekile cha simu. Mvumo au mlio unaobaki masikioni baada ya kuvua ni dalili kwamba kiasi kilipita, hata kama muziki haukuonekana kuwa mkubwa.

Waya na pini

Yapo machache ya kuangalia. Simu yenye tundu la milimita 3.5 hupokea pini ya kawaida. Isiyo na tundu hilo huhitaji iafoni yenye pini yake au kiunganishi kinachoafikiana nayo, na ni vyema kujaribu kabla ya kulipa. Ikitokea ala zinasikika lakini mwimbaji amepotelea mbali kama yumo kisimani, aghalabu pini haijaingia hadi mwisho au mguso wake mmoja umekatika. Iafoni nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya kava la simu lililozuia pini kuingia.

Usafi, na wasiopaswa kuzivaa

Ngozi ya mfereji huhama polepole kutoka ndani kwenda nje, ikiibeba nta pamoja nayo. Kimpira kinachovaliwa kutwa huizuia, na kwa wengine nta hukusanyika. Isichokonolewe kwa pamba wala njiti, kwa kuwa husukumwa ndani zaidi. Vimpira vya silikoni vivuliwe, vioshwe kwa maji na sabuni, vikaushwe kabisa ndipo virudishwe. Vya sponji hubadilishwa vinapokakamaa. Kuazimana iafoni ni kuazimana vijidudu. Mtu ambaye sikio lake linatoa usaha, linawasha au limetoboka ngoma asiliingizie kitu mpaka apimwe na daktari wa masikio, pua na koo. Usikivu ukishuka ghafla katika sikio moja, pasiposubiriwe hata siku chache kuona kama utarejea wenyewe: afike hospitali siku hiyohiyo, maana tiba yake ina muda mfupi wa kufaa.