Ameacha Unga, Ini Je?

Kijana aliyekuwa anajidunga unga, yaani heroini, amerudi nyumbani. Kila asubuhi anawahi dirisha la kliniki kunywa methadoni, dawa inayomsaidia kuacha unga, jioni anakula na wenzake, na mama sasa anaweza kuacha simu mezani bila wasiwasi. Hata hivyo nyumba nzima bado inamchunguza. Mbona anasinzia? Mbona anajikuna? Amerudia? Macho hayo yamefundishwa na machungu ya miaka mingi, hatuyalaumu. Tunaomba tu yaangalie na ini lake.

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Ndilo linaloshughulikia sumu mwilini, linaloweka akiba ya sukari na kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Likiumwa hukaa kimya. Mtu anaweza kuishi na ini bovu miaka 20 huku anabeba mizigo sokoni, kwa hiyo "najisikia mzima" si kipimo.

Kilichoingia na sindano

Mara nyingi kinacholiharibu ini la aliyejidunga si unga wenyewe, ni damu ya mwenzake iliyobaki kwenye sindano, pamba, kijiko au maji ya kuchanganyia. Humo ndimo vinamopita virusi vya homa ya ini B na C. Aliyewahi kujidunga hata mara moja, hata zamani sana, apimwe vyote viwili pamoja na VVU.

Homa ya ini C haina chanjo, lakini inapona. Ni vidonge vya wiki 12 kwa wengi, na zaidi ya 9 katika kila 10 wanaomaliza dozi hupona kabisa. Majibu ya kipimo cha kwanza yasiwavunje moyo: kipimo hicho kinaonyesha tu kwamba virusi viliwahi kuingia, na wapo ambao mwili wao umeshavifukuza. Ulizeni kipimo cha pili, kinachoonyesha kama bado vimo.

Homa ya ini B ina chanjo, kwa kawaida sindano 3 ndani ya miezi 6. Tanzania na Kenya zilianza kuwachanja watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo watu wazima wengi hawakuipata. Pimeni nyumba nzima, na asiye na virusi achanjwe. Wembe, mswaki na kikata kucha kila mtu awe na chake. Sahani na kikombe haviambukizi, wala kukumbatiana. Kumtengea chombo chake cha kulia ni kumuumiza bure, na mtu aliyeumizwa nyumbani anajua pa kwenda.

Dawa zake

Mtaani wanasema methadoni inakula ini. Si kweli. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na dawa hii imetumika duniani kwa miongo mingi. Anayeiacha kwa kuogopa uvumi huo yuko karibu sana na sindano.

Jambo la kuangalia ni dawa zinazogombana. Rifampisini, iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu, huufanya mwili umalize methadoni upesi. Kijana ataanza dozi ya TB, na baada ya siku chache arosto itarudi: jasho, mifupa kuuma, usingizi kukimbia. Hasingizii. Nendeni naye dirishani mkaeleze, dozi ya methadoni huweza kupandishwa. Dawa za TB zenyewe pia zinaweza kuumiza ini, kwa hiyo asikose vipimo vya damu alivyopangiwa.

Pombe na jikoni

"Afadhali anywe bia kuliko unga." Maneno haya yamewazika wengi. Pombe juu ya homa ya ini C ni mafuta ya taa juu ya moto. Akiiacha, mafuta yaliyojaa kwenye ini huweza kupungua ndani ya wiki chache. Lakini anayekunywa gongo kila siku asikatishwe ghafla akiwa nyumbani, kwani anaweza kupata degedege katika siku 3 za mwanzo na kufa. Aachishwe hospitali.

Chakula cha kawaida kinatosha: maharage, dagaa, mboga. Mahindi na karanga zenye ukungu mzitupe hata kama zinauma mfukoni. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na nchini Kenya iliua watu 125 mwaka 2004. Kwa mwenye homa ya ini B huongeza hatari ya saratani ya ini. Dawa za mitishamba za "kusafisha ini" mziache dukani. Kahawa ya barazani, isiyo na sukari nyingi, anywe kwa raha. Wanywaji wake wameonekana kuwa na makovu machache ya ini.

Mkidhani amerudia

Ini likishindwa, sumu hupanda kichwani. Mgonjwa analala mchana, anakesha usiku, anaongea kwa kuburuta, mikono inatetemeka, anasahau siku. Sura hiyo inafanana sana na ya mtu aliyetumia. Kabla ya kumpekua mifuko, mtazameni macho kama yana manjano, tumbo na miguu kama vimevimba, mkojo kama umekolea mithili ya chai ya rangi. Ulizeni kama ametapika damu au kupata choo cheusi kama lami.

Mkiona haya, au akichanganyikiwa tu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Bebeni kadi ya methadoni na pakiti za dawa zote alizomeza, za kienyeji zikiwemo, na mwambieni daktari habari za unga bila kuficha.