Ekzosi ya Subaru ya kupeleka uwanjani

Mwenye Subaru Impreza WRX akitaka kuipeleka kwenye uwanja wa mbio, mara nyingi kitu cha kwanza anachofikiria kubadilisha ni ekzosi. Haishangazi. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda mwaka 2000, na hadi leo Nairobi kuna watu wanaotambua mngurumo wa gari hili kabla halijatokea kwenye kona. Ila mngurumo ule si nguvu. Unatoka kwenye manifodi: mabomba yake hayalingani urefu, hivyo moshi wa silinda za upande mmoja hufika kwenye turbo ukiwa umechelewa kuliko wa upande wa pili. Ukifunga manifodi ya mabomba yanayolingana, turbo inapata moshi kwa mpangilio mzuri zaidi na ule mngurumo unakwisha. Amua mapema unataka kipi.

Fedha ikiwa kidogo, achana na manifodi na uiweke kwenye bomba la kushukia, yaani lile linaloanzia kwenye turbo na kuingia chini ya gari. La kiwandani ni jembamba na lina masega ya kusafisha moshi. La uwanjani aghalabu lina kipenyo cha milimita 76, ambazo ni inchi tatu. Utasikia mafundi wakisema injini lazima isukumwe kidogo na moshi kutoka nyuma, na kwamba bomba pana linaua nguvu. Kwenye gari lisilo na turbo kuna ukweli ndani yake, kwa sababu bomba likizidi upana moshi hupoteza mwendo na injini hulegea kwenye mizunguko ya kati. Kwa turbo, njia ikiwa wazi baada yake, inaamka mapema zaidi.

Hatari iko kwingine. Turbo ina kilango kidogo cha kupitishia moshi wa ziada pembeni ili presha isivuke kiwango. Ukiondoa vizuizi vyote vya baada ya turbo, kilango hicho huweza kuzidiwa, na presha ikaendelea kupanda wakati mguu bado umekanyaga mafuta. Hewa inakuwa nyingi mno kwa petroli iliyopo, injini inaanza kugonga, na kinachofuata ni pistoni kuvunjika. Kwa hiyo bomba la kushukia na kutuni kompyuta ya gari ni kazi moja. Asiyekuwa na bajeti ya vyote viwili asianze. Fundi wa kutuni anapaswa kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli kwa sensa ya oksijeni ya kupimia, si kwa pua wala kwa rangi ya moshi.

Kabla hujalipia chochote, uliza uwanja unaruhusu kelele kiasi gani. Laguna Seca, kule California, siku nyingi za kawaida kikomo ni desibeli 90, na gari linalozidi hutolewa. Desibeli hazihesabiki kama kilo: kuongeza 3 tu ni sawa na kuongeza nguvu ya sauti maradufu. Ndiyo maana wapo wanaofunga kipande kilichopinda mwishoni mwa bomba, mdomo ukaelekea upande usio na kipimo. Ujanja huo unafanya kazi, lakini sailensa nzuri ya pili katikati ya gari inakupa amani zaidi, na turbo yenyewe tayari imeshameza sehemu ya kelele.

Sasa ufungaji. Vichwa vya injini hii ni vya aluminiamu, na nati za manifodi zilizoshika kutu huweza kung'oka na nyuzi zake. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu, ziache usiku kucha, kisha fungua polepole. Bomba jipya la chuma cha pua hurefuka likipata moto: mita moja ikipanda nyuzi 500 za Selsiasi huongezeka karibu milimita 9. Bila kiungo kinachonyumbulika, urefu huo unakwenda kupasua mahali palipochomelewa. Fundi wa kuchomelea apitishe gesi ya agoni ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani wa chomelea unatoka na magamba machafu yenye nyufa. Tazama na mpira unaofunika jointi ya ekseli upande wa turbo. Ukikaribiana na bomba bila kinga ya joto, hukauka na kupasuka.

Ukimaliza, washa injini ikiwa baridi, vaa glovu nene, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kwa sekunde chache huku mwenzako akisikiliza chini. Panapovuja patalia tss, tss. Baada ya siku kadhaa pataonyesha pia masizi meusi kwenye gasketi. Uvujaji ulio kabla ya turbo unaichelewesha. Ulio karibu na sensa ya oksijeni unaidanganya kompyuta. Unaoingiza moshi ndani ya gari ni mbaya kuliko yote, kwa kuwa kaboni monoksidi haina harufu. Mdomo wa bomba utokeze nje ya bodi, usiishie chini ya sakafu.

Barabarani mambo ni tofauti. Marekani sheria ya hewa safi inakataza kuondoa masega kwenye gari la barabarani, na Uingereza gari lililotengenezwa nayo likikutwa bila masega linaanguka ukaguzi wa mwaka. Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009. Gari likikupeleka kazini Jumatatu, bomba la kiwandani na ramani yake ya kompyuta virudishwe Jumapili jioni. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi watakufuata hadi gereji kabla bomba halijapoa. Usiwauzie, kununua mapya ni ghali kuliko watakachokupa.