Nguo na Viatu vya Safari ya Miguu

Piyaya ni kata ya wilaya ya Ngorongoro, upande wa Loliondo, katika nchi ya Wamasai. Kusini yake iko milima ya Gol, na magharibi uwanda wa Serengeti waenea mpaka macho yachoke. Wakati wa kiangazi miti yenye kivuli ni michache na maji yako mbali. Wenyeji huenda kwa miguu tangu utoto wao wakifuata ng'ombe. Wageni nao huja kutembea huko, wakishika njia ya mashariki mpaka Bonde la Ufa, ulipo mlima Ol Doinyo Lengai. Safari hiyo ni ya siku kadhaa, na watu huiendea kwa kundi.

Sasa, kundi zima huenda kwa mwendo wa yule mwenye mguu mbaya. Kijana mmoja akitoka lengelenge kisiginoni saa nne ya asubuhi, na kisima kingali mbali, wenzake hawawezi kumwacha nyikani palipo na simba na fisi. Hupunguza mwendo wao, jua kali huwakuta njiani, na maji waliyochukua huisha kabla ya wakati. Kwa hiyo kiatu cha mmoja ni shauri la wote, nacho chapaswa kutazamwa kabla ya kuondoka.

Watu wengi hudhani kwamba kiatu kizito ndicho kiatu imara. Haya, na tupige hesabu. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimeta 75. Katika kilometa 20 kila mguu huinuliwa mara 13,000 na zaidi. Ikiwa kiatu kimezidi uzito kwa robo kilo tu, basi hata jioni mguu mmoja umeinua kilo 3,250 za bure, yaani zaidi ya tani tatu. Na mguu wa pili vivyo hivyo. Mzigo wa mgongoni huenda pamoja na mwili, lakini mguu huinuliwa, hutupwa mbele, na husimamishwa kwa kila hatua. Ndiyo sababu uzito wa mguuni huchosha kuliko uzito uo huo ukiwa mgongoni. Tena mzigo wa mgongoni waweza kupakiwa juu ya punda, kiatu hakipakiwi.

Mwaka 1955 mama mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachian, yapata kilometa 3,300. Hakuvaa mabuti. Alivaa raba za kitambaa, zikiisha akavaa nyingine, na vitu vyake alivitia katika mfuko alioushona mwenyewe akauchukua begani.

Walakini wepesi una mpaka wake, na huko Piyaya mpaka huo ni mwiba wa mgunga. Mwiba huo ni mrefu, mgumu, nao hupenya soli nyembamba kama sindano ipenyavyo kanga. Wamasai wameupatia dawa: huvaa katambuga, viatu vya wazi vilivyokatwa katika mpira wa gurudumu la gari. Soli yake hukataa miiba mingi, havishiki maji, na kamba ikikatika hutengenezwa palepale. Ni viatu vya akili sana. Ila mgeni asivivae kwa mara ya kwanza siku ya safari, maana kamba zake zitamchubua ngozi isiyozizoea. Afadhali achukue raba nyepesi yenye soli nene, iliyokwisha kuvaliwa majuma kadhaa, na yenye nafasi ya kidole kimoja mbele, kwa kuwa miguu huvimba kwa kutembea. Abebe Bikila wa Ethiopia alipokwenda Roma mwaka 1960 kwa mbio za kilometa 42, viatu alivyopata huko havikumkaa vizuri. Alikimbia miguu mitupu akashinda. Miaka minne baadaye huko Tokyo alishinda tena, safari hii na viatu vinavyomfaa.

Jambo jingine ni majivu. Ol Doinyo Lengai ulilipuka mwaka 2007 na 2008 ukamwaga majivu mengi, na mteremko wake ni wa kuteleza. Changarawe huingia viatuni na kukwaruza ngozi. Soksi ndefu na kitambaa kilichofungwa kifundoni huzuia nyingi.

Katika nguo, shida ya nchi hii ni kwamba ina joto na baridi pia. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro una kimo cha meta 2,300 hivi, na hapo usiku hutetemesha; Ziwa Natron, chini ya Lengai, liko kama meta 600 tu, na hapo mchana huunguza. Hapana haja ya kuchukua nguo za nchi mbili. Shati pana la mikono mirefu huzuia jua na kupitisha upepo. Jioni huongezwa sweta ya sufu, na upepo ukizidi, koti jepesi la mvua juu yake. Pamba ni njema mchana, lakini ikilowa jasho au mvua hukawia kukauka, na mtu akilala nayo hushikwa na baridi. Sufu hutia joto ingawa ina unyevu.

Mtu atazame pia shuka ya Mmasai. Zamani wazee walivaa ngozi, kisha nguo zikaletwa na wafanya biashara wa pwani. Leo shuka moja ni vazi la mchana, blanketi la usiku, kivuli cha mtoto, na mfuko wa kuchukulia kitu. Kwa kipimo hicho, nguo yenye kazi moja tu na ibaki nyumbani.

Soksi ni jozi tatu: ya kuvaa, ya kuanikwa juu ya mzigo ikauke kwa jua, na ya kulalia. Sindano, uzi na plasta havihitaji kuwamo katika kila mfuko. Mmoja avichukue kwa ajili ya wote. Na usiku wa kuamkia safari kila mtu avae viatu vyake, achukue mzigo wake, atembee saa moja, kisha avue soksi mbele ya wenzake. Penye alama nyekundu pabandikwe plasta usiku ule ule.