SOMO LA VIKUNDI: KAZI NDIYO INAYOMCHAGUA FUNDI



Tangu mwaka 2022 sheria ya NSSF ya Uganda inamruhusu mwanachama aliyefikisha miaka 45, na ambaye amechangia kwa miaka 10, kuchukua mapema sehemu ya akiba yake isiyozidi asilimia 20. Wengi wetu tulio katika mashamba ya miwa na chai na katika viwanda, tukipata fedha hizo, au mkopo wa chama cha akiba, hufikiria kwanza nyumba ya nyumbani. Paa linavuja, ukuta una ufa, sakafu imechimbika. Fedha za namna hiyo hupatikana mara moja. Zikipotea mikononi mwa fundi asiyefaa, mshahara wetu hauwezi kuzirudisha.

Mara nyingi tunaanza kwa kumtafuta mtu. Tunasikia fulani ni fundi, tena ni wa bei nafuu, basi tunampa ukuta, paa na umeme vyote pamoja. Yatupasa tuanze na kazi yenyewe, kisha kazi ituonyeshe ni fundi wa aina gani anayetakiwa.

1. Tuijue kazi kwanza

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nyufa si za namna moja. Ufa mwembamba kama unywele, ulio juu ya lipu tu, ni kazi ya fundi wa lipu. Ufa unaopita katikati ya matofali kama ngazi, unaoingiza sarafu, na karibu yake mlango umeanza kukwama, ni dalili kwamba msingi au udongo chini yake umetitia. Ufa huo ukizibwa kwa lipu mpya utarudi.

Tufanye jaribio hili. Tutie alama ya penseli mahali ufa unapoishia, na tuandike tarehe ukutani. Baada ya msimu wa mvua tutazame tena. Ukiwa umeipita alama, tusitafute mtu wa lipu.

Paa nalo tulikague kabla ya kununua mabati. Tuchome mbao kwa msumari au ncha ya kisu. Msumari ukizama bila nguvu, mchwa au uozo umekwisha ingia, na mabati mapya juu ya mbao hizo ni hasara.

2. Aina nne za mafundi

(a) Fundi wa kutwa. Tunamlipa kwa siku. Anafaa kwa kazi ndogo ambayo ukubwa wake haujulikani mpaka ifunuliwe, kama kutafuta mahali paa linapovuja. Kazi kubwa tusimpe kwa kutwa, maana siku hazitaisha.

(b) Fundi wa mapatano ya ufundi tu. Sisi tunanunua vifaa, yeye analipwa kwa kazi iliyopimwa: lipu ya vyumba viwili, sakafu, kuezeka. Kwa nyumba nyingi za wafanyakazi, huyu ndiye anayefaa.

(c) Fundi wa kazi yenye hatari. Umeme usifungwe na mwashi. Uganda, fundi umeme anatakiwa awe na kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme (ERA), tumwombe atuonyeshe. Tena, paa la zamani la asbesto lisikatwe kwa msumeno wala kuvunjwa kwa nyundo. Vumbi lake huingia mapafuni na huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kabla ya kuligusa tuulize ofisi ya mazingira ya wilaya.

(d) Mkandarasi. Huyu huleta vifaa, msimamizi na vibarua, naye hujibu kwa kazi yote. Ni ghali, lakini anatakiwa pale msingi unapotengenezwa upya, ukuta unaobeba paa unapoondolewa, au ghorofa inapoongezwa. Kazi hizo zataka pia idhini ya serikali ya mahali. Wenzetu wenye nyumba ng'ambo ya mpaka wakumbuke kwamba Kenya makandarasi husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na Tanzania na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mtu akijiita mkandarasi, tuulize huko.

3. Tupige hesabu wenyewe

Tuchukue chumba cha futi 12 kwa futi 10, kinachotiwa zege la inchi 2 juu ya mawe yaliyoshindiliwa, kwa kipimo cha saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Hapo mifuko 4 ya saruji ya kilo 50 yatosha, bila kuhesabu niru ya juu. Fundi akitaka mifuko 8, tumwombe atueleze kwa upole. Huenda anataka zege nene zaidi, nayo ni sababu nzuri. Akishindwa kueleza, tumekwisha mjua.

Kwa mabati, tukumbuke kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Twende dukani wenyewe, au tumtume ndugu tunayemwamini, na risiti ibaki kwetu.

4. Mapatano na malipo

Kabla ya kumchagua fundi, tutazame nyumba aliyoitengeneza mwaka jana na kumwuliza mwenyewe. Nyumba ya wiki jana bado haijaona mvua.

Mapatano yaandikwe: kazi gani, kwa siku ngapi, kwa bei gani, nani analeta maji na mbao za jukwaa. Pande mbili zitie sahihi mbele ya mashahidi, na mwenyekiti wa LC I agonge muhuri.

Malipo yafuate kazi. Tuseme ufundi ni shilingi 600,000. Tulipe 100,000 siku ya kuanza, 200,000 kuta zikiisha, 200,000 paa likiisha, na 100,000 za mwisho siku 14 baada ya kazi, kasoro zikiwa zimerekebishwa. Saruji nayo imwagiwe maji kwa siku 7. Tupatane ni nani atakayefanya kazi hiyo.

5. Wajibu wetu

Siku tunapomwajiri fundi, sisi ndio tajiri. Hatuwezi kudai malipo ya haki kiwandani, kisha nyumbani tukamzungusha fundi hatua ikiwa imekamilika. Tuhakikishe pia kwamba vibarua wake wamelipwa, na jukwaa wanalosimama ni imara. Mtu akivunjika mguu kwenye nyumba yetu, hilo si jambo la fundi peke yake.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nyumba ya kila mmoja wetu inataka nini kwanza? Ni kazi ya aina gani kati ya zile nne?
2. Tawi letu laweza kuweka orodha ya mafundi ambao wanachama wameona kazi yao?
3. Ikiwa nyumba iko mbali na sisi tuko shambani, nani atasimamia kila hatua kabla ya malipo?