DONDOO MUHIMU: Saba ndiyo inayoliza wengi

Safari ikikwama Rungwa, pale njia za Mbeya, Itigi na Tabora zinapokutana, na karata zikitoka mfukoni, angalia saba zako. Katika mchezo wa turufu wa pointi 120, ambao 61 ni ushindi, wengi huumia hapo.

Ree ina 11, saba ina 10. Wazungu watatu wa aina moja (4, 3 na 2) ukiwajumlisha hawaifikii saba moja. Halafu mtu anatoa saba ya kopa mapema, ree ya kopa haijaonekana! Anayeila kwa ree hiyo anaondoka na 21 kwa mkupuo. Ishikilie mpaka ree ipite, au mwenzako awe anakula na wewe ndiye wa mwisho kucheza. Hapo itupe bila huruma.

Turufu nayo usiitumie kukatia takataka. Mezani pakiwa hapana pointi, waachie wapinzani. Na kukonyezana acheni, mkishtukiwa mchezo unageuka ugomvi. Mwishoni hesabuni kwa sauti, wote wakisikia: 60 kwa 60 ni sare.